Kila Amri Ijue Iko Kwenye Akaunti ya Nani

Hotuba kwa wasimamizi wa seva, Dar es Salaam. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.

Ndugu zangu wasimamizi wa seva, wadogo zangu mnaojifunza kazi hii, na walimu wetu mliofika: asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie namna ya kutunza funguo za akaunti nyingi za wingu, yaani seva za kukodi kupitia intaneti, ndani ya zana tunazoendeshea seva kiotomatiki, yaani Ansible, Terraform, Salt na wenzao. Nina jambo moja la kusema, mengine yote yanalitumikia. Amri yoyote inayogusa seva ya mtu lazima ijue iko kwenye akaunti ya nani kabla haijaanza kazi, na ufunguo inaoutumia uwe wa kuazima, wenye saa yake ya kufa.

Wapo wakubwa wetu maofisini ambao bado wanauliza: kwa nini tusiwe na akaunti moja ya AWS, huduma ya wingu ya Amazon, tukaweka humo seva za wateja wote, tukalipa bili moja? Ni swali la haki, na jibu lake lilipatikana kwa uchungu Juni 2014. Kulikuwa na kampuni ikiitwa Code Spaces, iliyowahifadhia watengeneza programu msimbo wao. Mvamizi alizifurikisha seva zao kwa maombi ya uongo, kumbe alikuwa ameshaingia kwenye paneli yao ya EC2, huduma ya seva ya AWS, kisha akadai fedha. Wenyewe walipojaribu kubadili manenosiri, akatumia njia nyingine za kuingilia alizojitengenezea mapema, akaanza kufuta: diski, picha za seva, nakala rudufu. Ndani ya saa 12 karibu kila kitu kilikuwa kimekwisha, na kampuni ikafunga biashara. Nakala rudufu walikuwa nazo. Zilikaa kwenye akaunti ileile, zilifunguka kwa mamlaka yaleyale, zikafa siku ileile.

Ndani ya AWS hakuna mpaka ulio imara kuliko akaunti. Kufungua akaunti nyingine hakuna malipo. Unalipia unachokitumia tu, na huduma ya AWS Organizations inakusanya bili zote mahali pamoja. Kwa hiyo mpe kila mteja akaunti yake, nakala rudufu zipe akaunti yake, na seva za majaribio ziwekwe mbali na seva zinazohudumia watu. Sheria nazo zinatusukuma huko. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data inamtaka mwenye dhamana atoe taarifa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue data zimevuja. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Siku data za mteja mmoja zitakapovuja, mteja wa pili atakupigia simu kuuliza kama na yeye ameguswa. Mwenye akaunti tofauti anaweza kumjibu kwa ushahidi. Aliyewachanganya wote atajibu kwa matumaini, na matumaini hayaandikwi kwenye barua ya Kamishna.

Haya, tumegawa. Sasa funguo zimezaliana, na hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Fungua kompyuta ya msimamizi yeyote mwenye wateja wengi uangalie faili la `~/.aws/credentials`. Utakuta profaili kumi au zaidi, kila moja ikiwa seti ya funguo yenye jina lake, na ya kwanza inaitwa `default`. Hiyo `default` ni ya nani? Mara nyingi ni ya mteja wa kwanza aliyepata kazi naye miaka iliyopita, au ya ofisi yenyewe, ikiwa na mamlaka yote. Kila amri inayosahau kutaja akaunti inaangukia humo kimyakimya. Skripti iliyoandikwa kufuta seva za majaribio inafika kwenye seva za kazi, na haitoi onyo lolote, kwa sababu kwa upande wa AWS hakuna kosa: ufunguo ni halali, amri ni halali.

Msimamo wangu juu ya hili ni mkali. Kwenye mashine inayoendesha seva za watu, profaili ya `default` isiwepo kabisa. Ifute leo. Amri isiyotaja akaunti ishindwe palepale, ikupe ujumbe wa kosa, upoteze nusu dakika kuisahihisha. Nusu dakika hiyo ni bei ndogo mno.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wazoefu. Unafanya kazi za mteja wa kwanza kwenye dirisha la amri, umepakia funguo zake kama vigeu vya mazingira, yaani thamani zinazokaa kwenye dirisha hilo: `AWS_ACCESS_KEY_ID` na mwenzake. Baadaye, katika dirisha lilelile, unahamia kwa mteja wa pili kwa kuweka `AWS_PROFILE` yenye jina lake. Unadhani umehama. Hujahama. Vigeu vyenye funguo vina nguvu kuliko kigeu cha profaili, kwa hiyo amri zako zote bado zinakwenda kwa mteja wa kwanza huku jina la wa pili likikutazama usoni. Ukitaja `--profile` kwenye amri yenyewe, hapo profaili ndiyo inayoshinda. Ndiyo maana nawaomba msiamini jina lililoandikwa kwenye dirisha. Aminini jibu la AWS pale unapouliza `aws sts get-caller-identity`: linakuja na nambari ya akaunti yenye tarakimu 12, nayo haina ubishi.

Na swali hilo lisiulizwe na binadamu, maana binadamu huchoka. Liulizwe na zana. Katika Ansible, kazi ya kwanza ya kila faili iwe kuita `amazon.aws.aws_caller_info`, kisha `assert` ilinganishe nambari iliyorudi na nambari iliyoandikwa kwenye `group_vars` za mteja yule. Zikitofautiana, kila kitu kisimame. Profaili yenyewe itaje mara moja kwenye `module_defaults` chini ya `group/aws`, usiirudie kwenye kila kazi, kwa kuwa utakapoisahau mara moja tu umerudi kule kwa `default`. Kwa Terraform ni rahisi zaidi: kiunganishi chake cha AWS, yaani `provider`, kina kipengele kinachoitwa `allowed_account_ids`. Andika nambari ya akaunti humo, na Terraform itakataa kuendelea ikijikuta kwenye nyumba ya mtu mwingine. Ni mstari mmoja tu, na bado naona miradi mingi isiyokuwa nao.

Sasa tuje kwenye funguo zenyewe. Ufunguo wa AWS unaoanza na herufi AKIA ni wa kudumu. Hautakufa mpaka mtu auue. Unaoanza na ASIA ni wa muda, umetolewa na huduma ya STS, na una saa yake ya mwisho. Ukitaka kujua afya ya ofisi yako, hesabu AKIA zilizomo kwenye mashine zenu.

Njia ninayoipigania ni hii. Mashine inayotoa amri iwe na utambulisho mmoja tu, ikikaa kwenye akaunti yake yenyewe, na utambulisho huo peke yake usiwe na uwezo wa kugusa seva yoyote. Uwezo wake pekee uwe kuomba roli, yaani utambulisho wa kuazima wenye ruhusa zake. Katika kila akaunti ya mteja kuna roli iliyoandikwa wazi: naiamini mashine ile, nairuhusu kufanya kazi hizi na hizi tu. Zana inapotaka kufanya kazi kwa mteja, inaiomba roli hiyo kwa `AssumeRole`, inapewa funguo za muda, kwa kawaida za saa moja, inamaliza kazi, funguo zinakufa. Kwenye faili la `~/.aws/config` unaandika `role_arn` ya mteja, na kama mashine yenyewe ni seva ya EC2 unaweka `credential_source` kuwa `Ec2InstanceMetadata`. Ukimaliza, hakuna ufunguo hata mmoja ulioandikwa kwenye diski. Anayeiba diski ile anaondoka na orodha ya majina.

Faida nyingine huonekana siku ya maswali. Kila ombi la roli hubeba jina la kikao, na jina hilo linaandikwa kwenye CloudTrail ya mteja, yaani kumbukumbu ya matendo ndani ya akaunti yake. Liwe jina la mtu na la kazi. Mteja akiuliza nani alizima hifadhidata saa tisa usiku, mnafungua pamoja, mnasoma. AWS huhifadhi historia hiyo siku 90 bila malipo. Mwenye kutaka zaidi aielekeze kwenye S3, hifadhi ya mafaili ya AWS, kwenye akaunti ambamo ninyi hamna uwezo wa kufuta kitu.

Niongeze neno kuhusu kitambulisho cha nje, kile kinachoitwa `ExternalId`, kwa kuwa hapa ukumbini kuna ofisi nyingi zinazohudumia kampuni nyingine. Chukulia unawahudumia wateja wawili. Wa kwanza, kwa hila, anakuandikia kwenye fomu yako ARN, yaani jina kamili, ya roli ya yule wa pili akidai ni yake. Mashine yako inaaminiwa na wote wawili, kwa hiyo itaingia kwa wa pili na kumfanyia kazi wa kwanza. Ukimpa kila mteja kitambulisho chake, ukikitunga wewe mwenyewe, na roli yake ikadai kionyeshwe, hila hiyo haifui dafu. Si siri ya kufichwa kama nenosiri, lakini lazima kiwe tofauti kwa kila mteja.

Na wale mnaotumia kanda ya AWS ya Cape Town, iliyofunguliwa Aprili 2020, nawapa tahadhari itakayowaokolea saa nyingi. Kanda ile haiko wazi tangu mwanzo. Lazima uiwashe kwenye kila akaunti. Tena, tokeni za muda ulizochukua kwenye anwani ya STS ya dunia nzima kwa kawaida hazikubaliki kule. Utaona funguo zinafanya kazi Ireland na kukataliwa Cape Town, utadhani roli imeharibika, utaanza kumwongezea mtu mamlaka asiyoyahitaji. Roli ni nzima. Iambie zana itumie anwani ya STS ya kanda husika, tatizo limekwisha.

Sasa niiseme ile mashine inayotoa amri, maana ndiyo inayoninyima raha kuliko yote. Tarehe 30 Aprili 2020 kampuni ya F-Secure ilitangaza udhaifu katika Salt uliomruhusu mtu yeyote anayefika kwenye milango ya mtandao ya seva kuu, 4505 na 4506, kuiamuru bila nenosiri. Marekebisho yalikwisha kutoka. Seva kuu zipatazo 6,000 zilikuwa zikionekana wazi kwenye intaneti. Haikupita hata wiki, LineageOS, watengenezaji wa mfumo wa simu, wakavamiwa, jukwaa la blogu la Ghost likavamiwa na seva zake kutiwa programu za kuchimba sarafu za kidijitali, na DigiCert, watoaji wa vyeti vya usalama wa tovuti, wakatangaza kwamba ufunguo wa mojawapo ya daftari zao za vyeti umeguswa. Hawa hawakuwa watoto. Ni watu wanaojua kazi.

Tazameni maana yake kwa mwenye akaunti nyingi. Salt huweka taarifa za watoa huduma wa wingu kwenye `/etc/salt/cloud.providers.d`, na wengi huandika humo funguo za kila akaunti kwa maandishi ya kawaida: mteja huyu, mteja yule, AWS, DigitalOcean, wote katika folda moja. Aliyeishika mashine hiyo hakuvunja kampuni moja. Amevunja kila aliyewahi kukuamini. Kuta zote tulizojenga kwa akaunti tofauti zinabomoka kwa sababu tulirundika funguo zake mahali pamoja. Kwa roli, mvamizi bado atasumbua kwa muda anaokaa kwenye mashine, sitawadanganya. Lakini ukimfukuza umemfukuza kweli: unaukata utambulisho mmoja, na funguo za muda alizokwisha kuzichukua unazibatilisha kwa sera inayokataa tokeni zote zilizotolewa kabla ya saa fulani. Huhitaji kuwapigia wateja wote usiku kubadili funguo zao.

Kwa hiyo milango ya mashine hiyo isionekane kwenye intaneti ya wazi, na isiwe kompyuta ya mkononi ya mtu. Kaka mmoja aliniambia wakati wa chai kwamba intaneti yetu haiaminiki, ndiyo maana anapenda funguo za kudumu kwenye kompyuta yake. Namwelewa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na hapa Tanzania tulikaa karibu gizani. Lakini siku ile ufunguo wa kudumu ulioko Sinza haukumsaidia mtu kufika kwenye seva iliyoko Ireland. Kilichosaidia ni mashine ya amri iliyokaa kulekule winguni, ikiendelea na ratiba zake bila kutusubiri sisi. Kwa siku ya dharura ya kweli, ambapo mfumo wa utambulisho wenyewe umeanguka, kuwe na ufunguo mmoja wa akiba kwa kila akaunti, umefungiwa kwenye sefu, na king'ora kinacholia kila unapoguswa.

Si kila mtoa huduma ana roli. DigitalOcean na Hetzner hukupa tokeni, yaani ufunguo mmoja wa maandishi, basi. Hapa tunafanya kinachowezekana. Hetzner hutoa tokeni kwa kila mradi, na unachagua iwe ya kusoma tu au ya kusoma na kuandika; basi kila mteja awe na mradi wake, na ile inayotumika kukusanya orodha ya seva iwe ya kusoma tu. Orodha haihitaji uwezo wa kufuta. Nashangaa jinsi kosa hili lilivyoenea, kwamba kazi inayosoma majina ya seva kila baada ya dakika tano imepewa tokeni inayoweza kuziangamiza zote.

Tokeni hizo zikae ndani ya Ansible Vault, sehemu ya Ansible inayosimba siri, na kila mteja awe na nenosiri lake la vault kwa kutumia `--vault-id`. Ila mjue kwamba lebo ya vault-id, ilivyo tangu mwanzo, ni dokezo tu: Ansible itajaribu kila nenosiri ulilompa mpaka moja lifungue. Ukitaka lebo iheshimiwe, washa `vault_id_match` kwenye `ansible.cfg`. Na kazi yoyote inayoshika siri iwekewe `no_log: true`, kwa sababu vault inalinda faili likiwa limelala, likishafunguliwa, siri inaweza kuchapishwa kwenye logi mbele ya macho ya kila mtu. Watumiaji wa Terraform nao wakumbuke kwamba faili la hali, linalotunza kumbukumbu ya ilichokijenga, huhifadhi siri nyingi bila kuzisimba. Kila mteja awe na faili lake la hali, ndani ya akaunti yake, na lilindwe kama nenosiri lenyewe.

Baadhi yenu hamuendeshi chochote kwa mkono. Mnasukuma msimbo, mfumo wa kujenga na kusambaza unafanya yaliyobaki. Vizuri, ila mmeuhamisha mzigo wa funguo, hamjautua. Kuanzia tarehe 31 Januari 2021 skripti ya Codecov, huduma ya kupima ubora wa majaribio ya msimbo, ilikuwa imechezewa, ikituma vigeu vya mazingira vya wateja kwa mvamizi, na iligundulika Aprili. HashiCorp, watengenezaji wa Terraform na Vault, walikuwa miongoni mwa walioguswa, wakalazimika kubadili ufunguo wa kutia saini programu zao. Januari 2023 CircleCI, wanaoendesha mfumo wa namna hiyo, waliwataka wateja wao wote wabadili kila siri waliyoihifadhi kwao. Siri zilikuwa zimesimbwa, lakini mvamizi alikuwa amechota funguo za usimbaji kutoka kwenye programu iliyokuwa ikiendeshwa.

Dawa ipo, nayo ni OIDC, njia ya mfumo mmoja kujitambulisha kwa mwingine bila siri ya kudumu. GitHub Actions, mfumo wa kujenga na kusambaza wa GitHub, kwa mfano, hujitambulisha kwa AWS kwa tokeni ya muda mfupi inayotaja hazina ya msimbo na tawi lake, na AWS humpa roli. Hakuna kilichohifadhiwa cha kuibiwa. Lakini sera ya roli lazima ikague sehemu ya `sub`, ikitaja hazina yako kwa jina. Ukiamini GitHub kwa jumla bila kutaja hazina, umemfungulia mlango kila mwenye akaunti ya GitHub duniani.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila ofisi iwe na daftari la akaunti: nambari yake, mwenye mali, barua pepe ya mtumiaji mkuu, nani anashika kifaa cha uthibitisho wa pili, roli gani tunazo humo. Barua pepe hiyo iwe ya mteja, au ya kikundi. Isiwe ya kijana mmoja ambaye kesho anapata kazi Kigali. Naisema kwa uzito kwa sababu inawagusa watu: mwenye duka la dawa au shule iliyowekeza kwenye mfumo hana habari na AKIA wala roli, yeye ametuamini tu, na akaunti ni mali yake.

Na mfanyakazi anapoondoka, kumfutia nenosiri la paneli hakuzimi funguo zake za kudumu. Vitu hivyo viwili ni mbalimbali, na funguo zitaendelea kufanya kazi miaka na miaka. Kwa hiyo mkirudi ofisini, katika kila akaunti mliyopewa dhamana, pakueni ripoti ya funguo na manenosiri kutoka IAM, huduma ya AWS ya utambulisho. Ni faili la CSV. Someni safu za `access_key_1_last_used_date` na ya pili yake. Ufunguo usiotumika uzimeni kwanza bila kuufuta, msubiri wiki kadhaa muone kama kuna kazi iliyolia, ndipo mfute. Unaotumika, tafuteni ni mashine gani inautumia, kisha mpeni mashine hiyo roli.

Asanteni sana. Nakaribisha maswali, na nitaanza na wale wenye seva kuu ya Salt.